Waraka wa Mtoto Kuongoza

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Tumefika. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa waombe kibali cha kutazama milima, wakarudi zao. Jina hilo nchi ilipewa na serikali yake yenyewe, siku redio ilipotangaza kwamba maendeleo yaliyongojwa kwa muda mrefu yameshawasili, na kwamba wananchi ambao hawakuyaona walikuwa wamelala. Tangu hapo mtu wa Tumefika akilalamika kwamba hana hiki au kile, hujibiwa kwa upole kuwa ameshafika, na kama haoni alipofika, hiyo ni shida ya macho yake.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu wa darasa la awali, Perpetua Malongo, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kufanya jambo sahihi kabla halijaamriwa.

Alifundisha Shule ya Msingi Mlima Kati, watoto thelathini na mmoja wa miaka mitano mitano. Mwaka wake wa kwanza alifanya kama alivyofunzwa chuoni: alisimama mbele na kifimbo, akasema a, e, i, o, u, watoto wakarudia, na ilipofika saa nne nusu yao walikuwa wanasinzia na nusu nyingine wanamtazama mjusi ukutani. Siku moja alichoka, akaketi sakafuni, akawauliza, "Haya, mnatazama nini?" Wakamwambia. Walijua mjusi yule analala ufa gani, anakula nini, anatoka saa ngapi, na kwamba mkia wake ulishakatika mara mbili. Perpetua aliona aibu. Kesho yake aliingia darasani na ndoo ya udongo, kapu la magunzi ya mahindi, vizibo vya soda, makopo matupu na swali moja: leo mnataka kujua nini?

Miaka kumi na sita ikapita hivyo. Watoto walijenga na kubomoa, walipima madimbwi kwa fito, walipanga vizibo kwa rangi na kuvihesabu, waligombana kwa nini jiwe linazama na gunzi linaelea. Kazi yake yeye ilikuwa kutembea nyuma yao, na kila walipomuuliza jambo alilirudisha kwao: "Wewe unafikirije?" Walipoingia darasa la kwanza walikuwa wanajua kusoma, na hakuna aliyekumbuka ni lini hasa walifundishwa.

Serikali nayo haikumsahau. Kila mwaka mthibiti ubora alikuja akaandika: Mwalimu hafundishi, anafuatana na watoto. Watoto wana matope. Apewe onyo. Perpetua alikuwa na maonyo kumi na sita, yote ya mwandiko mmoja, kwa sababu mthibiti alikuwa yuleyule, Bwana Remigi Sanduli, mtu mwembamba aliyetembea na kalamu tatu mfukoni na kitambaa cha kufutia viti kabla hajavikalia.

*

Kisha Waziri wa Malezi na Mwelekeo, Mheshimiwa Profesa Balthazari Mpunga, akasafiri. Alikaa ng'ambo siku kumi na moja kwenye mkutano juu ya watoto wadogo, akarudi na masanduku mengi na ugunduzi mmoja. Hapo hapo uwanja wa ndege aliwaeleza waandishi wa habari kwamba wataalamu aliokutana nao, watu wasio na mzaha, wamemhakikishia kuwa mtoto ana mikono, na kwamba mikono hiyo imeungana na akili.

"Taifa letu limeikalia hazina hii bila kujua," alisema. "Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kila mtoto wa awali ataongoza ujifunzaji wake mwenyewe, kwa vitendo na kwa hiari. Mtoto atakayekataa hiari hiyo, mzazi wake ataitwa."

Waraka ulifika Mlima Kati siku ya Ijumaa. Mwalimu mkuu, Faraji Dumba, aliusoma akiwa amesimama, kama alivyosoma kila barua iliyotoka juu, kisha akamwita Perpetua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na uoga wake ulikuwa umemfikisha kwenye cheo kizuri.

Perpetua akasoma ukurasa wa kwanza. Kifungu cha pili kilisema: *Mtu mzima yeyote, awe na cheo gani, hatamzuia mtoto anayeongoza, bali atamfuata.* Alikirudia mara mbili.

"Mwalimu mkuu, mbona hiki ndicho nilichopewa maonyo kumi na sita?"

"Soma ukurasa wa pili," alisema Dumba.

Ukurasa wa pili ulikuwa na ratiba. Saa mbili hadi mbili na dakika ishirini, udadisi wa hiari. Mbili na ishirini hadi mbili na nusu, kushangaa. Kila mtoto aliyetaka kudadisi jambo alitakiwa kujaza Fomu ya Kusudio la Udadisi, nakala tatu, siku saba kabla, akieleza anachotarajia kugundua. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Dole gumba liwe safi.

"Na kama mtoto atagundua kitu ambacho hakukiandika?"

Dumba alipekua kurasa. "Hicho hakitatambuliwa," alisema.

*

Jumatatu saa mbili kamili Bwana Sanduli aliwasili na gari la wizara kuja kusimamia uhuru. Alifuta kiti, akakaa, akatazama darasa. Kisha akaamuru makopo, magunzi, vizibo na ndoo ya udongo vitolewe nje na kuchomwa, isipokuwa udongo, ambao ulimwagwa.

"Hizi si zana," alimweleza Perpetua. "Hizi ni takataka ambazo watoto wamezizoea. Zana zimeletwa."

Vijana wawili wakaingiza sanduku kubwa la bati lililopakwa rangi ya bendera, wakaliweka katikati ya sakafu. Lilikuwa na utepe, kufuli na karatasi iliyosema: SANDUKU LA UGUNDUZI. LISIFUNGULIWE MPAKA LIZINDULIWE NA MHESHIMIWA WAZIRI.

"Atakuja lini?" Perpetua aliuliza.

"Mapema iwezekanavyo. Shule yako imeteuliwa kuwa ya mfano." Sanduli akalegeza sauti kidogo, kama mtu anayempa mwenzake siri. "Mimi ndiye niliyekupendekeza, Mwalimu. Niliwaambia huyu ana uzoefu wa matope."

Sanduku likakaa wiki tatu. Watoto walikaa kulizunguka. Wizara iliita kipindi hicho ujifunzaji wa kutazama, na ripoti za wiki zilionyesha kwamba watoto walikuwa wanatazama vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

*

Perpetua, ambaye hakuwa na magunzi tena, aliamua kutumia fomu. Mtoto mmoja mmoja alikaa naye kibarazani, akasema anachotaka kujua, na yeye akakiandika kama kilivyosemwa. Mmoja alitaka kujua kwa nini bibi yake ananong'ona peke yake. Mwingine alitaka kujua kama jogoo ana magoti.

Wa mwisho alikuwa Sikudhani, mtoto mdogo kuliko wote darasani, mwenye mashavu makavu na desturi ya kunyamaza mpaka watu wamsahau. Alikuja shuleni akiwa amechoka kila siku, kwa sababu alfajiri alifuatana na mama yake korongoni kuchota maji, yeye na kidumu chake kidogo.

"Wewe unataka kujua nini, mama?"

Sikudhani alitazama uani. Nje ya darasa palikuwa na tangi la saruji na bomba la chuma, na ubao wa marumaru uliosema mradi huo wa maji ulizinduliwa na Mheshimiwa Profesa Balthazari Mpunga. Siku ile ya uzinduzi maji yalitoka kwa nguvu, waziri akanawa uso, wanawake wakapiga vigelegele. Yalitoka siku hiyo na kesho yake asubuhi. Halafu bomba likakohoa, likanyamaza, na walipoandika barua kuuliza, wizara iliwajibu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zake wanayo maji.

"Nataka kujua maji ya bomba yamekwenda wapi," alisema Sikudhani.

Perpetua alishika kalamu. Alijua anachoandika. Kisha akaandika, herufi kubwa, nakala tatu, na Sikudhani akaweka dole gumba lake, safi.

Fomu tisini na tatu zilikwenda kwa Bwana Sanduli. Alizigonga muhuri wa KUSUDIO LIMEKUBALIWA zote kwa mkupuo, akitazama dirishani, kwa kuwa kazi ya mihuri haikuhitaji kusoma.

*

Walianza kuchimba Jumanne. Zana hawakuwa nazo, kwa hiyo walichimba kwa vijiko vya uji, vijiti na mikono, ile mikono ambayo waziri aliigundua ng'ambo. Perpetua alitembea nyuma yao.

"Bomba linakwenda wapi kutoka hapa?" aliuliza.

"Kwenye tangi," walisema, na wakalifukua mpaka kwenye tangi.

"Na tangi linapata wapi maji?"

Wakagombana. Wengine walisema mbinguni. Sikudhani alizunguka tangi polepole akiligusa, akaona upande wa pili pana bomba jingine linaloingia ardhini kuelekea mlimani, ambako serikali ilikuwa imesema kuna chanzo, kilomita nne kutoka hapo. Akachuchumaa, akaanza. Wenzake wakamfuata. Walihesabu kwa hatua zao: moja, mbili, tatu. Kufikia Alhamisi walikuwa wamefika hatua ya kumi na moja, na hapo bomba likaisha. Halikuvunjika. Lilikatwa vizuri kwa msumeno, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa tambara. Mbele yake palikuwa na udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na jembe tangu dunia iumbwe.

Watoto waliingiza mikono mmoja mmoja, wakahakikisha. Walifurahi sana. Walikuwa wamejua jambo.

Mwalimu mkuu Dumba alikuja mbio, akatazama shimoni, akakaa chini palepale kwenye udongo na suruali yake ya kazi.

"Perpetua, fukia."

"Siwezi, Mwalimu mkuu. Wanaongoza. Kifungu cha pili."

"Waziri anakuja Jumamosi."

"Najua."

"Mimi nina miaka miwili nistaafu."

Perpetua alimhurumia. Alitaka kumwambia kwamba naye anaogopa, kwamba usiku uliopita hakupata lepe la usingizi. Lakini nyuma yake watoto walikuwa wanaendelea kuchimba mbele ya lile bomba, kutafuta kipande kingine, na yeye katika miaka kumi na sita hakuwahi kumfukia mtoto swali lake.

Dumba akaamuru turubai litandazwe juu ya mtaro, na juu ya turubai vyungu vya maua.

*

Jumamosi waziri alikuja na magari kumi na manne. Bwana Sanduli alikuwa amejiandaa. Alileta kutoka mjini mtoto wa mfano, mvulana wa miaka tisa aliyevalishwa sare ya awali iliyombana kwapani, ambaye alikuwa amekariri udadisi wa papo kwa papo kwa wiki tatu nzima.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa mbili. Alisema enzi ya mtoto kuambiwa imekwisha, na akawaambia watoto hivyo mara saba. Kisha alikata utepe, akafungua kufuli, na kifuniko cha Sanduku la Ugunduzi kikainuliwa. Ndani, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni, mlikuwa na vizibo vya soda vya plastiki, magunzi ya plastiki, na pakiti za udongo wa kuchezea uliotengenezwa kiwandani, wenye harufu ya ndizi. Vyote vilikuwa vimetoka ng'ambo. Watu walipiga makofi. Perpetua alitazama viatu vyake.

Mtoto wa mfano akasukumwa mbele, akafungua kinywa. Lakini mpiga picha wa waziri alimnong'oneza bosi wake kwamba huyu ni mrefu mno, pichani ataonekana kama mlinzi. Mheshimiwa akaangaza macho, akamwona aliye mdogo kuliko wote, mwenye mashavu makavu.

"Wewe, mwanangu. Kuanzia leo wewe ndiye kiongozi na mimi ni mfuasi wako. Niongoze."

Sikudhani alimtazama Perpetua. Perpetua akasogea nyuma yake, mahali pake pa siku zote. Mtoto akamshika waziri kidole kimoja, akamtoa nje.

Msafara wote ulifuata, maana waraka ulikuwa waraka. Walipita uani hadi kwenye vyungu vya maua. Sikudhani aliachia kidole, akasogeza chungu, cha pili, cha tatu, wenzake wakamsaidia bila kuambiwa, na turubai likavutwa. Waziri akajikuta amesimama ukingoni mwa mtaro, kamera zikiwa zimemzunguka.

"Ahaa," alisema. "Na hiki ni nini?"

"Bomba lako," alisema Sikudhani.

"Zuri. Zuri sana."

"Limeishia hapa."

Waziri alicheka kidogo, akamtafuta Sanduli kwa macho. Sanduli alikuwa anafuta kiti ambacho hakikuwepo.

"Sasa, mwanangu, lililobaki liko wapi?" Aliuliza kwa upole, kwa sababu kamera zilikuwepo na kwa sababu hakuweza kufikiri jambo jingine la kusema.

Sikudhani alimwinulia uso. Hakuwa na kejeli yoyote. Aliuliza kama alivyoulizwa yeye siku zote.

"Wewe unafikirije?"

Wanawake waliokuwa nyuma ya uzio na ndoo zao hawakucheka. Walimsubiri ajibu. Waziri alitazama bomba, akatazama mlima. Alikaa hivyo muda ambao mtu mzima mwenye shahada tatu anauhitaji kutafuta kilomita nne za bomba, kisha akasema mtoto huyu ana akili sana, apewe cheti, na msafara ukarudi kwenye magari.

*

Tume iliundwa Jumatatu. Wajumbe watatu walikaa darasani kwenye viti vya awali, magoti yakiwa usawa wa masikio, na baada ya siku tano walitoa matokeo. Bomba, walisema, lilikuwepo lote kutoka mlimani hadi tangini, kumbukumbu zilithibitisha. Kwa kuwa sasa halipo, na kwa kuwa watu pekee waliothibitika kuchimba ni watoto wa awali, ni dhahiri kwamba watoto hao thelathini na mmoja walifukua kilomita nne za bomba kati ya Jumanne na Alhamisi, wakaliondosha, na kufukia mtaro kwa ustadi usioacha alama. Tume ilisikitika kwamba ujifunzaji kwa vitendo umevuka mipaka.

Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mstaarabu mwenye miwani ya mnyororo, alimsogezea Perpetua karatasi.

"Weka sahihi hapa, Mwalimu, kwamba ulikuwepo. Wewe hatukulaumu. Watoto nao hawatashtakiwa, umri wao hauruhusu. Kila mtu atakwenda nyumbani salama."

"Inasema walibeba bomba kilomita nne."

"Ndiyo."

"Mama, Sikudhani hawezi kubeba ndoo iliyojaa."

"Walisaidiana," alisema mjumbe wa pili.

Perpetua aliisoma karatasi tena, pole pole, hadi mwisho. Alifikiria nyumba yake, na mwanawe aliyekuwa mwaka wa mwisho sekondari. Kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari.

"Hawa nimewafundisha kuhesabu," alisema. "Walihesabu hatua kumi na moja. Nikiandika kilomita nne, Jumatatu wataniuliza zile nyingine nilizitoa wapi. Nitawajibu nini?"

"Kwani lazima uwajibu?" aliuliza mwenyekiti. Hakutania. Aliuliza hasa, kama mtu aliyesikia habari ya nchi ya mbali.

Perpetua akairudisha kalamu mezani. Mwalimu mkuu Dumba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akaichukua, akaweka sahihi yake kwenye nafasi ya Perpetua, bila kukaa.

Wiki ileile ua wa shule ulimwagiwa zege ili watoto wasichimbe tena, na maji ya kukorogea zege hilo yaliletwa na lori la boza kutoka mjini. Sikudhani alipewa cheti cha Mtoto Kiongozi. Mama yake alikipokea, akamshukuru aliyekileta, akainama kuchukua dumu lake na kuelekea korongoni.

Barua ya Perpetua ilikuwa fupi. Alihamishwa kwa manufaa ya umma kwenda Shule ya Awali Nyanda za Tumaini, safari ya siku mbili.

*

Alishuka kwenye lori la mizigo saa sita mchana, akauliza shule iko wapi, akaelekezwa uwanda mtupu. Katikati ya uwanda palikuwa na jiwe la msingi lenye jina la waziri na tarehe ya miaka miwili nyuma. Jengo halikuwepo. Kuta hazikuwepo, wala alama kwamba mtu yeyote aliwahi kuzifikiria. Lakini watoto walikuwepo, kama ishirini hivi, wamekaa chini kulizunguka jiwe. Wazazi wao walisikia redioni kwamba shule imefunguliwa, wakawaleta, na kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba haipo, waliendelea kuwaleta kila asubuhi.

Perpetua alitua begi lake. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na njiani alikuwa amelia mara mbili. Akaketi chini kati yao.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Mtoto mmoja mwenye pengo mbele alimkagua kwa makini, mbele na nyuma, kama anayetafuta maandishi.

"Mwalimu, wewe umezinduliwa na nani?"

"Sijazinduliwa," alisema Perpetua. "Kwa nini?"

"Zahanati yetu ilizinduliwa, haifunguki. Daraja lilizinduliwa, likaanguka. Mashine ya kusaga ilizinduliwa, ikachukuliwa siku ileile." Alimgeukia mwenzake, wakanong'onezana, wakakubaliana. Kisha akamgeukia tena, uso umemchangamka, kama mtu aliyepiga hesabu ikatoka.

"Basi wewe utafanya kazi."